Sufuria Moja Yatosha: Tugawe Chakula cha Mgonjwa Kabla ya Kuunga

Ifikapo Juni, nyanda za juu kusini mwa Tanzania huingia katika miezi mitatu ya baridi kali. Mji wa Njombe umekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari; Makete na uwanda wa Kitulo viko juu zaidi, na zipo asubuhi ambazo umande hukutwa umeganda juu ya majani. Katika miezi hiyo watu wa nyumba huhamia jikoni. Sufuria kubwa hubandikwa mapema, mahindi na maharage ndani yake, na hadi jioni huwa imewapa wote chakula, joto na sababu ya kukaa pamoja. Wengi huita makande, wengine kande. Kilimanjaro baridi hujibiwa kwa mtori wa ndizi na nyama, au kwa kiburu cha ndizi na maharage. Na katika nyanda za kati za Kenya kwa githeri, ambayo ni ndugu wa damu wa makande.

Makala haya yana hoja moja, nayo inawahusu wahudumu wa afya kwanza, kisha wagonjwa na wale wanaowapikia. Ushauri wa lishe tunaoutoa katika kliniki zetu mara nyingi humtaka mgonjwa apikiwe chakula cha peke yake. Katika nyumba nyingi jambo hilo haliwezekani, na katika msimu wa baridi haliwezekani kabisa. Naona ni wakati tuache kuagiza sufuria ya pili. Sufuria ile ile iliyo jikoni inaweza kumlisha mtoto wa miezi minane, bibi mwenye shinikizo la juu la damu, baba mwenye kisukari na vijana watokao shambani, ikiwa mpishi ataelekezwa ni wakati gani wa kugawa na kila mmoja apakuliwe nini.

Ushauri unaodai jiko la pili

Tuyatazame maneno tunayowapa watu wanapotoka kliniki. Mwenye shinikizo la damu huambiwa apunguze chumvi na mafuta. Mwenye kisukari huambiwa apunguze wanga. Mwenye ugonjwa wa figo hupewa orodha ndefu ya vyakula vya kuepuka. Mama wa mtoto mdogo huambiwa amwandalie mwanawe chakula laini chenye makundi mbalimbali. Kila ushauri, ukiutazama peke yake, ni sahihi. Ukiukusanya wote katika nyumba moja, umeagiza sufuria nne. Nyumba ina mafiga matatu, na mafiga matatu hubeba sufuria moja.

Kuni zina gharama, na anayezitafuta mara nyingi ni mwanamke yule yule anayelima, anayechota maji na anayelea. Maharage makavu peke yake yaweza kuchukua saa mbili au tatu motoni. Mahindi makavu huchukua zaidi. Hakuna atakayewasha moto wa pili kwa saa tatu kwa ajili ya mtu mmoja. Kwa hiyo hupikwa chakula kimoja, mgonjwa hula kile walacho wenzake, na siku ya kliniki tunaandika kwenye faili kwamba hafuati masharti. Kumbe masharti yenyewe hayakuwa na mahali pa kupikwa.

Lipo pia jambo la heshima. Mzee anayetengewa kibakuli chake kisicho na ladha, huku wenzake wakila pamoja, hujiona mgeni katika nyumba aliyoijenga. Wengi huamua kula pamoja na wenzao na kunyamaza. Tukitaka wafuate ushauri, tuwape ushauri usiowaondoa kwenye mduara wa chakula.

Kati ya kuchemsha na kuunga

Mpishi wa makande hupita hatua nne. Huchagua punje, huziloweka, huzichemsha hadi ziive, kisha huunga. Kuunga ndiko kunakoleta kitunguu, nyanya, mafuta, pengine karanga au tui la nazi, na chumvi. Siku hizi pia vile vipande vya viungo vya kukolezea supu vinavyouzwa dukani, ambavyo sehemu yake kubwa ni chumvi.

Msomaji atazame vizuri hali ya sufuria kabla ya hatua ya nne. Chakula kimeiva, ni salama, na ndani yake hamna chumvi wala mafuta. Ni mahindi, maharage na maji tu. Hapo ndipo mahali pa tiba. Upawa mmoja au miwili ikichotwa wakati huo na kuwekwa pembeni, mpishi amepata chakula cha mgonjwa bila kuongeza ukuni hata mmoja. Kinachobaki huungwa kama kawaida, na anayekula sehemu ya pembeni hukaa mduara ule ule, akila makande yale yale.

Nacho ni chakula chema. Protini ya mahindi ina upungufu wa asidi amino iitwayo laisini; maharage yanayo kwa wingi. Maharage kwa upande wao yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi hayajapungukiwa kwa kiasi hicho. Vikiliwa pamoja, kimoja huziba pengo la kingine. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini mchanganyiko walioutuachia maabara imeuthibitisha. Maharage huongeza pia madini ya chuma, zinki, foleti ambayo mjamzito anaihitaji sana, na nyuzinyuzi zinazofanya sukari ipande polepole katika damu kuliko pale mtu anapokula ugali wa sembe mtupu.

Sahani ya mtoto

Hapa ndipo penye uzito mkubwa kuliko pote. Utafiti wa kitaifa wa Demografia, Afya na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini Tanzania wamedumaa. Mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, yenye takriban asilimia 57, kisha Njombe na Rukwa, kila mmoja takriban nusu ya watoto wake. Hii ni mikoa inayolisha nchi. Mahindi, maharage, viazi mviringo na njegere hutoka huko kwa malori. Parachichi za Njombe huvuka bahari. Watoto waliozaliwa katikati ya shibe hiyo ndio wanaodumaa.

Sababu za udumavu ni nyingi: afya ya mama kabla na wakati wa ujauzito, maradhi ya kuhara yanayojirudia, mama kulemewa na kazi za shamba, umbali wa huduma. Sitadai kwamba sufuria moja itazimaliza. Lakini mojawapo iko mikononi mwa mpishi, nayo ni namna chakula kinavyotoka katika sufuria na kumfikia mtoto.

Mara nyingi mtoto wa miezi saba au minane hupewa maji ya makande, yale ya juu, kwa kuwa punje zenyewe hawezi kuzitafuna. Maji hayo yana rangi na harufu nzuri, lakini chakula kimebaki chini. Tumbo la mtoto wa umri huo lina nafasi ya takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo nane hujaa kwa mililita 240 hivi, yaani kikombe cha chai. Kikombe hicho kikijazwa maji, mtoto atashiba na kulala, na mwili wake hautakuwa umepata cha kujengea.

Njia iliyo bora haihitaji moto mwingine. Mpishi achote kabla ya kuunga, akizidisha maharage kuliko mahindi, aponde, na apitishe katika chujio ili maganda yabaki. Aongeze kijiko kidogo cha mafuta, au karanga zilizosagwa laini, au kipande cha parachichi lililoiva. Akipata dagaa wakavu, pamoja na usipa wa Ziwa Nyasa wanaouzwa masokoni, awasafishe, awakaange kidogo bila mafuta, awasage wawe unga, na atie kijiko kimoja. Chakula kiwe kizito kiasi cha kukaa juu ya kijiko bila kumwagika. Chumvi haihitajiki kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Apewe mara 2 hadi 3 kwa siku akiwa na miezi 6 hadi 8, na mara 3 hadi 4 kuanzia miezi 9, huku akiendelea kunyonya hadi atimize miaka miwili au zaidi. Punje nzima za mahindi asipewe, kwani zaweza kumpalia.

Jambo la mwisho kuhusu mtoto ni bakuli. Tumezoea kula katika sinia moja, na ni desturi yenye mafunzo mema. Lakini mtoto wa miaka miwili akishindana na kaka zake sita, hushindwa. Nao humaliza kabla hajameza tonge la tatu. Awe na bakuli lake, na mtu mzima ajue kila siku amekula kiasi gani.

Sahani za wagonjwa

Mwenye shinikizo la juu la damu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa chumvi yote iliyomo katika vyakula vyote. Sehemu yake ichotwe kabla ya kuunga, kisha iungwe kidogo katika kikaango kwa kitunguu, nyanya, kitunguu saumu, tangawizi, giligilani na ndimu. Ladha nyingi tunayoidhani ni ya chumvi ni ya viungo hivi. Kwa familia nzima, chumvi iwe ile yenye madini joto, kwa sababu nyanda hizi zilikuwa na tatizo kubwa la tezi la shingo hapo zamani. Na itiwe mwishoni, kwa kuwa madini hayo hupotea kwa kuchemka muda mrefu.

Mwenye kisukari. Hana haja ya kuyakimbia makande. Ana haja ya kuyapima. Nusu ya sahani yake iwe mboga za majani kama figiri, chainizi au majani ya maboga. Makande yachukue sehemu iliyobaki, bila kuongeza viazi, wali wala mkate pembeni, kwani mahindi tayari ni wanga. Mahindi yasiyokobolewa ni bora kwake. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenclamide asiruke mlo kwa kusubiri sufuria iive. Makande huiva yanapotaka yenyewe, na sukari inaweza kushuka kabla ya hapo. Awe na kitu cha kula kwa saa yake.

Mwenye ugonjwa wa figo ulioendelea. Huyu anahitaji maelekezo ya daktari wake, kwa maana viwango vya potasiamu hutofautiana kati ya mgonjwa na mgonjwa. Ikiwa ameshauriwa kupunguza potasiamu, maji ya kuloweka na maji ya kwanza ya kuchemshia yamwagwe, na sehemu yake itolewe kabla ya kutiwa viazi na nyanya. Parachichi tulilomsifia mtoto halimfai yeye. Na asitumie chumvi mbadala zinazouzwa kwa wagonjwa wa moyo, kwani nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu.

Mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri. Ale punje na aache supu. Bakuli la supu ya moto siku ya baridi ni maji kama maji mengine. Nalo lihesabiwe katika kiasi alichoruhusiwa kunywa kwa siku.

Mjamzito. Ale makande yaliyoungwa pamoja na mboga za majani, na kamua ndimu juu yake baada ya kuepua, kwani vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharage. Chai ya rangi, ambayo huko Njombe na Mufindi inalimwa karibu na mlango, hufanya kinyume chake. Inywewe saa moja au mbili baada ya chakula, isiwe pamoja nacho. Vidonge vya madini ya chuma na foleti alivyopewa kliniki viendelee kama kawaida. Makande hayachukui nafasi yake.

Kabla sufuria haijabandikwa

Usalama wa chakula hiki huanzia kwenye gunia. Mahindi yaliyovunwa yakiwa na unyevu, yakarundikwa chini na kufunikwa, huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 katika maeneo ya mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania. Kuichemsha hakuiondoi. Inayoondoa ni mikono: kukausha vizuri juu ya turubai, kuhifadhi mahali pakavu, na kutoa kila punje iliyooza, iliyovunjika, iliyosinyaa au yenye rangi ya kijani au nyeusi. Punje hizo zisipewe kuku wala zisipelekwe kutengenezea pombe, maana sumu humfuata mlaji kwa njia nyingine.

Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yake yamwagwe. Kufanya hivyo hupunguza muda wa kupika na gesi tumboni, na pia vile viambata vinavyozuia zinki na chuma kufyonzwa. Wengine huharakisha kwa magadi. Ni kweli magadi hulainisha, lakini huharibu vitamini B1 na ni chanzo cha sodiamu, ile ile tunayoikwepa katika chumvi. Mgonjwa wa shinikizo la damu anayejivunia kwamba ameacha chumvi, huku makande yake yamepikwa kwa magadi, hajaiacha.

Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayosababisha kutapika na kuhara yasipoiva. Sumu hiyo huharibiwa kwa mchemko wa nguvu. Kwa hiyo wanaopunguza kuni kwa kuchemsha kwanza na kisha kuifunika sufuria ndani ya kapu lenye majani makavu na blanketi, wahakikishe sufuria imetokota kwa nguvu nusu saa kabla ya kuingizwa kapuni, na irudishwe motoni kabla ya kuliwa.

Moto wenyewe

Daktari akisifia chakula kinachopikwa saa nne ndani ya nyumba iliyofungwa madirisha, lazima aseme pia kuhusu moto wake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi wa kuni huchangia nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa mapafu kwa akina mama, maradhi ya moyo na kiharusi. Watu husema baridi ndiyo inayoleta nimonia. Nimonia huletwa na vimelea. Lakini mapafu yaliyofukizwa moshi miezi mitatu huvipokea kwa urahisi zaidi.

Mkaa ni hatari kwa namna nyingine, kwa sababu hauna moshi mwingi na hivyo huaminika. Chakula kikishaepuliwa, jiko lenye makaa mekundu huingizwa chumbani ili watoto walale kwenye joto. Makaa hayo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Familia hulala, na wengine hawaamki. Jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba cha kulala hata kwa dakika chache, hata likiwa limekaribia kuzima. Joto la usiku litafutwe katika blanketi, soksi, kofia, na mtoto kulazwa karibu na mama.

Kwa wahudumu wenzangu: asubuhi ya baridi akija mgonjwa mwenye kichwa kinachouma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, bila homa, muulize kama na wenzake nyumbani wanaumwa hivyo hivyo, na moto ulikuwa wapi. Wakiwa wawili au watatu kwa pamoja, fikiri gesi kabla ya malaria. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kisikutulize, kwa sababu hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hiyo. Chaweza kusoma asilimia 98 kwa mtu aliye hatarini. Anza kumpa oksijeni kwa kiwango cha juu, na kwa mjamzito usisite, kwani mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Na sufuria inayotokota saa nne ni mtego kwa mtoto anayetambaa kuelekea kwenye joto. Jiko liwe na uzio au liinuliwe, mishikio igeuzwe ndani. Akiungua, amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka juu ya jeraha kwa dakika 20, mwili uliobaki ukifunikwa asipate baridi, kisha apelekwe kituoni. Dawa ya meno, yai, asali na majivu havina kazi hapo.

Serikali imeweka Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo. Ni lengo jema, na makande ni kipimo chake cha kweli. Mtungi wa gesi hupokelewa kwa furaha, kisha hutumika kuchemsha chai tu, huku makande yakirudi kwenye kuni kwa kuogopa gesi itakwisha. Sufuria ya presha, ya kawaida au ya umeme, hupunguza sana muda wa kuivisha maharage yaliyolowekwa. Wanaogawa majiko wafikirie na sufuria.

Kiporo

Makande hupikwa mengi, na kiporo chake asubuhi kinapendwa. Kipo kwenye kumbukumbu za wengi wetu waliokwenda shule kwa miguu. Lakini kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili mchemko, kisha huamka na kuzaana chakula kikiwa vuguvugu. Baadhi hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Watu husema usiku wa Njombe ni friji tosha. Usiku ni baridi, ndiyo, ila sufuria kubwa iliyoachwa karibu na majivu ya moto hubaki vuguvugu hadi alfajiri. Kiporo kigawanywe katika vyombo vipana, kipoe ndani ya saa mbili, kifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi mbali na jiko, kisha kichemshwe hadi kitokote mara moja tu kabla ya kuliwa. Mtoto mdogo apewe kilichopikwa siku hiyo.

Watakaopinga

Wapo watakaosema kuwa kumfundisha mama namna ya kugawa chakula ni kumtwisha mzigo mwingine, na kwamba umaskini ndio ugonjwa wenyewe. Nakubaliana nao kwa sehemu. Pasipo maharage ndani ya nyumba, maneno yangu yote hayana kazi, na mwezi wa Februari sufuria nyingi huwa nyepesi. Lakini Juni hadi Agosti ni wakati wa mavuno au mara tu baada yake. Chakula kipo. Ndiyo miezi ambayo familia haina haja ya kununua kitu kipya ili mtoto ale vizuri zaidi, na ndiyo miezi ya kuamua magunia mangapi ya maharage yabaki nyumbani kabla dalali hajafika. Baba ahusishwe katika uamuzi huo. Yeye ndiye mara nyingi anayeuza. Na yeye ndiye anayeweza kuchukua upawa na kuponda chakula cha mwanawe bila kupungukiwa na kitu.

Wengine watasema makande huleta gesi na kiungulia. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Kuloweka, kumwaga maji, na kuanza na kiasi kidogo husaidia. Mwenye kiungulia kikali asilale mara tu baada ya kula, hata kama blanketi linamwita.

Ninaomba wahudumu wa afya tubadili swali. Badala ya kumwambia mgonjwa asile nini, tumuulize: jana nyumbani mlipika nini? Chumvi ilitiwa wakati gani? Nani alipakuliwa, na kwa chombo gani? Moto uliwaka wapi, na usiku jiko lilikuwa wapi? Maswali haya yanachukua dakika tatu. Majibu yake yanatuonyesha chumvi, udumavu, moshi na ajali kwa pamoja, na yanatuwezesha kumpa mgonjwa agizo moja analoweza kulitimiza jioni ile ile.

Nawe unayepika, kabla hujatia chumvi leo jioni, shika upawa. Chota ya mtoto, chota ya mzee, weka pembeni, kisha unga iliyobaki. Wote wale pamoja.